Fundi aje Tukuyu, au laptopu iende Dar?

Swali limetoka kwa dada anayetunza hesabu za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Tukuyu, wilayani Rungwe. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Chama chetu kinanunua laptopu moja mpya ya ofisi kwa muuzaji wa Dar. Ametuletea bei mbili za mashine ileile. Ya kwanza ina waranti ya mwaka mmoja, ikiharibika tunaituma wenyewe Dar. Ya pili ina waranti ya miaka mitatu na fundi anakuja hadi ofisini siku ya kazi inayofuata, ila tunaongeza shilingi 280,000. Mwenyekiti anasema hiyo nyongeza ni kutupa hela, katibu anasema tulipe tulale usingizi. Nitakayekaa na mashine ni mimi, na msimu wa kuwalipa wakulima siwezi kukaa hata siku tatu bila kompyuta. Tuchukue ipi?"

Marahaba, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu nimeshaona ofisi ambako mwenyekiti wa namna hiyo alikuwa sahihi, na nyingine ambako katibu alikuwa sahihi, kwa waranti zenye maneno yaleyale. Kilichotofautiana ni mahali ofisi ilipo na namna watu walivyoisoma karatasi kabla ya kulipa.

Jibu langu ni hili: lipeni nyongeza, ikiwa muuzaji atakubali kuandika kwamba huduma ya fundi inafika Tukuyu. Akikataa kuliandika jina la mji wenu, chukueni ya kutuma, na zile 280,000 nitakwambia mzifanyie nini. Lakini msilipe kwa sababu ya yale maneno "siku ya kazi inayofuata". Kwa sisi wa huku Nyanda za Juu Kusini, maneno hayo yana thamani ndogo kuliko yanavyosikika.

Waranti ya fundi kuja ofisini haina maana kwamba kuna mtu amekaa Tukuyu anasubiri simu yako. Ina maana kwamba mtengenezaji ameingia mkataba na watu wa huduma, na watu hao wana kituo chao mahali fulani. Vituo vingi vinavyotambuliwa na watengenezaji wakubwa viko Dar es Salaam. Kutoka Dar mpaka Mbeya mjini kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, unapanda Kitonga, unapita Iringa, Mafinga, Makambako, na ukishafika Uyole bado unakata kushoto kuja kwenu, nyingine kama 60. Ndiyo maana mikataba mingi ina kifungu kinachosema muda wa kufika unategemea umbali kati ya mteja na kituo. Kifungu hicho hukaa kurasa za nyuma kwa herufi ndogo.

Halafu ipo saa yenyewe. Haianzi kuhesabiwa pale mashine inapozima. Unapiga simu, unaelekezwa ufanye vipimo, wanaridhika kwamba ubovu ni wa kifaa na si wa programu, ndipo wanafungua namba ya kesi na kuagiza kipuri. Hapo sasa saa inaanza. Ukimaliza vipimo jioni, siku hiyo imekwenda. Jumamosi kwa kawaida haihesabiwi, hata kama ninyi mko wazi mnapokea mizigo ya wakulima. Nanenane haihesabiwi. Na wanachoahidi ni fundi kufika. Mashine kupona ni jambo lingine, linategemea kama kipuri alichobeba ndicho.

Hili la kipuri nililiona kwa macho yangu. Ofisi moja hapa mjini ilikuwa na mkataba wa fundi kuja. Kioo kilikufa, juu kunaonekana, chini mistari ya kijani. Niliitwa nikae na fundi wao kwa kuwa mashine zao nyingine nilikuwa nazihudumia mimi. Fundi alifika siku ya kumi na moja, kijana makini, bisibisi zake zimepangwa kwa saizi ndani ya mkoba. Alizungusha kadi ya plastiki kwenye fremu mpaka ikaachia, akalaza kioo kibovu kifudifudi juu ya kibodi, akabandua utepe unaoshikilia waya. Akatoa kioo kipya kwenye boksi, akakigeuza, akanyamaza. Soketi ya kioo kipya ilikuwa ya pini 30 na waya wa mashine ulikuwa wa pini 40. Ukivitazama kwa mbali vinafanana, vinapishana milimita chache tu, lakini haviingiliani. Akafunga kile kibovu alivyokikuta, akaenda stendi. Kioo sahihi kilikuja baada ya wiki mbili.

Kosa lilianza kwenye simu. Aliyetoa taarifa alitaja jina la modeli lililoandikwa juu ya mfuniko, hakutaja namba ya mashine, wala hakusema kioo kile kilikuwa cha kugusa. Jina moja la modeli hubeba mashine za aina nyingi ndani: kioo cha kugusa na kisicho cha kugusa, kibodi yenye taa na isiyo na taa, prosesa tofauti. Namba iliyo kwenye stika ya chini ndiyo inayojua mashine yako ilitoka kiwandani na nini tumboni. Kwa Dell ni herufi na tarakimu saba. Kwa HP na Lenovo tafuta "S/N". Iandike kwenye daftari la ofisi siku mashine inapofika, maana stika inafutika kwa jasho la mapaja na vumbi, na mashine iliyokufa haiwezi kukuonyesha namba yake kwenye kioo.

Sasa utauliza, kama fundi anaweza kuchukua siku kumi na moja, kwa nini nakushauri kulipa? Kwa sababu ya kitu ambacho wauzaji hawakitangazi. Kusubiri kipuri ni kulekule katika waranti zote mbili, kipuri kinatoka Dar au kinaagizwa nje, hakijali una karatasi ipi. Kinachobadilika ni mahali mashine inaposubiria. Kwa waranti ya kutuma, mashine inasubiri Dar, na wewe unasubiri Tukuyu mikono mitupu. Kwa waranti ya fundi kuja, mashine inasubiri mezani kwako, na mara nyingi sana bado inafanya kazi.

Fikiria mashine zinavyokufa kwa kweli. Mara nyingi hazifi zote kwa mpigo. Kibodi inagoma herufi mbili tatu: unachomeka kibodi ya USB, unaendelea kulipa wakulima. Kioo kinaonyesha mistari: unaunganisha runinga ya ofisi kwa waya wa HDMI, hesabu zinaendelea. Bawaba imelegea, feni inapiga kelele, spika imekufa, tundu la chaji linataka ushikilie waya kwa pembe fulani. Yote hayo ni maudhi, lakini karatasi ya malipo inatoka. Ukiwa na waranti ya kutuma, kwa kila ubovu wa namna hiyo unapewa chaguo baya: uvumilie mashine mbovu mpaka msimu uishe, au uifunge kwenye boksi ukae bila kitu. Nimeona watu wakivumilia mpaka waranti ikaisha mikononi mwao. Anayesubiri fundi aje halazimiki kuchagua hivyo. Ni pale mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, inapokufa kabisa, mashine haiwaki, ndipo waranti hizi mbili zinakuwa karibu sawa kwa mtu wa Tukuyu.

Faida ya pili ni kwamba diski haiondoki. Mashine yako itakuwa na majina ya wakulima, namba zao za simu, akaunti zao za benki, na kiasi alicholipwa kila mmoja. Taarifa hizo si zako wala si za mwenyekiti, ni za wakulima, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza azilinde. Fundi akija, anafungua mbele yako, anabadilisha mbele yako, na kabla hajafunga mkoba unajaribu kila kitu ukiwa naye: unaandika kila herufi, unachomeka chaji pande zote, unafungua na kufunga mfuniko mara kadhaa. Usisaini karatasi yake kabla ya hapo. Mashine iliyorudi kutoka Dar ikiwa na tatizo jipya ni safari nyingine ya kwenda na kurudi.

Kabla hamjalipa lakini, kuna jambo kwenye bei zenu linanisumbua. Mwenyekiti na katibu wanabishana juu ya 280,000 kana kwamba yote ni nauli ya fundi. Siyo. Mmeletewa mwaka mmoja wa kutuma dhidi ya miaka mitatu ya fundi kuja. Ni vitu viwili vimefungwa pamoja. Mwombeni muuzaji bei ya tatu: miaka mitatu ya kutuma. Hapo ndipo mtajua ni kiasi gani mnalipia miaka miwili ya ziada na ni kiasi gani mnalipia fundi. Huenda ugomvi wao ukaishia hapo. Na muulizeni betri, kwa sababu kwa watengenezaji wengi betri ina mwaka mmoja tu hata mashine ikiwa na mitatu.

Kisha mwandikie muuzaji kwa barua pepe, si kwa simu, ili majibu yabaki. Muulize fundi anatoka mji gani, na kama atafika Tukuyu bila chama kulipa nauli au posho yake. Muulize ni siku ngapi za kazi kwa Tukuyu, si kwa Dar. Muulize huduma hiyo ni ya mtengenezaji au ni ya duka lake, maana duka likifungwa waranti yake inafungwa nalo, wakati ya mtengenezaji inabaki kwenye namba ya mashine. Na umwambie akuandikie kwenye ankara jina kamili la huduma. Kwenye karatasi za Kiingereza, ya fundi kuja huandikwa "onsite", na ya kupeleka "carry-in" au "depot". HP wana desturi ya tarakimu tatu: 1/1/0 ni mwaka mmoja wa vipuri, mwaka mmoja wa kazi ya fundi, na sifuri ya kuja kwako. Mkiuziwa miaka mitatu ya fundi kuja halafu mkaona tarakimu ya mwisho ni sifuri, rudisheni karatasi.

Mashine ikifika, siku hiyohiyo ingiza namba yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya kuangalia waranti. Utaona aina ya huduma, nchi na tarehe ya mwisho. Mashine iliyokaa muda mrefu ghalani inaweza kuonekana waranti ilianza zamani. Risiti ya EFD ndiyo ushahidi wa kuomba tarehe irekebishwe. Ikionyesha nchi nyingine kabisa, mashine iliingizwa kwa njia za pembeni na huduma hapa inaweza kukataliwa. Jambo hilo mlijue wiki ya kwanza, wakati muuzaji bado anapokea simu zenu.

Waranti zote mbili hazigusi chai iliyomwagika, mashine iliyoanguka, wala radi. Rungwe mvua na radi mnazijua kuliko mimi. Radi ikianza, chomoa chaji ukutani na ufanye kazi kwa betri. Mazabodi iliyoungua kwa umeme mkubwa fundi wa waranti anaitambua, na hapo mnalipa wenyewe.

Tuseme sasa muuzaji amegoma kuandika Tukuyu, mmechukua ya kutuma. Hapo zile 280,000 msizirudishe kwenye chai ya vikao. Nunueni diski ya nje ya kutunzia nakala, na kiasi kinachobaki kiwe mwanzo wa kununua laptopu iliyotumika, ya kawaida tu, inayoweza kufungua faili zenu na kuendesha printa. Iwashwe mara moja kwa mwezi, ijaribiwe, ikae kabatini. Kwa ofisi iliyo mbali na kituo cha huduma, mashine ya pili kabatini inakutoa kwenye shida siku hiyohiyo, na hakuna waranti inayofanya hivyo.

Na kuna jambo moja kuhusu kutuma ambalo naomba ulisome taratibu, kwa sababu limewaumiza watu ninaowajua. Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Iringa aliniletea mashine iliyokuwa imerudi kutoka kwenye matengenezo ya waranti. Mazabodi ilikuwa mpya, kazi safi, hakuna hata skrubu iliyopungua. Aliiwasha mbele yangu: kioo cha bluu, maandishi meupe, kinaomba ufunguo wa tarakimu 48. Hakuwahi kusikia habari ya ufunguo huo. Windows za siku hizi, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi hufunga diski kwa siri bila kukuuliza, na ufungaji huo unaegemea kitu kilichomo kwenye mazabodi. Mazabodi ikibadilishwa, diski inaona imehamia kwa mgeni na inakataa kufunguka. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yake, na akaunti aliifungua kwa laini ya simu aliyoitupa miaka ya nyuma. Tulijaribu siku mbili. Matokeo ya mitihani ya wanafunzi wake yalikuwa mle ndani, na hatukuyatoa. Alikaa kwenye kile kiti changu cha mteja akiitazama mashine nzima, mpya, inayowaka, na mimi sikuwa na la kumfanyia.

Kwa hiyo leo, kabla hakijaharibika chochote, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti iliyomo kwenye laptopu mnayotumia sasa, nakili zile tarakimu 48 kwa kalamu, ziweke kwenye kasiki la chama. Mashine mpya ikija fanya vivyo hivyo. Na akaunti iwe ya chama, yenye namba ya simu ya ofisi, isiwe ya mtu mmoja anayeweza kuhama. Hili linawahusu hata mkichukua waranti ya fundi kuja, maana naye akibadilisha mazabodi mezani kwako, kioo kile cha bluu kinakuja vilevile. Tofauti ni kwamba utakuwa hapohapo kuingiza ufunguo.

Siku ya kutuma ikifika, nakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza, kwa sababu masharti ya waranti kwa kawaida yanasema wazi kwamba hawawajibiki na data, na wakiona inafaa watasafisha diski na kuweka programu upya. Uliza kwa maandishi kama unaruhusiwa kuitoa diski na kubaki nayo ikiwa ubovu si wa diski. Kwenye laptopu nyingi za kiofisi ni kufungua kifuniko cha chini, kisha skrubu moja inayoshikilia diski. Zima mashine kabisa, usiilaze tu kwa "sleep". Piga picha pande zote ikiwa juu ya gazeti la siku hiyo, ili bawaba ikirudi imepasuka usiambiwe uliituma hivyo. Tumia boksi lake la kiwandani na zile sponji zake, kwa hiyo msilichome boksi mkaanzishia jiko. Chaji usiitume mpaka waombe. Kwenye ofisi ya vifurushi ya basi au EMS, taja kwamba ni kompyuta, taja thamani yake, na hakikisha vyote viwili vimeandikwa kwenye risiti.

Betri ikiwa imevimba, pedi ya kugusia imeinuka au mfuniko haufungi vizuri, usiitume kabisa kwa basi wala kwa ndege. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto, na iliyoharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwenye ndege. Zima, chomoa chaji, iweke mbali na karatasi, piga simu ya huduma uwaeleze hivyohivyo, wakupe utaratibu.

Kuhusu vile vipimo vya kwenye simu, unaweza kuvifanya kabla hujapiga, ukaokoa siku nzima. Kwa HP unabonyeza F2 mara kwa mara mashine inapoanza kuwaka. Kwa Dell F12, kisha unachagua Diagnostics. Mashine inajipima yenyewe, na ikikuta ubovu inatoa namba. Kwa HP ni ndefu, ya herufi na tarakimu 24. Ipige picha. Dell isiyoonyesha kitu kwenye kioo huongea kwa taa: rangi ya chungwa inapepesa mara kadhaa, kisha nyeupe mara kadhaa. Hesabu zote mbili, uziandike. Ukianza simu na namba ya mashine, namba ya ubovu, na maneno "kioo ni cha kugusa" au "si cha kugusa", mazungumzo ya saa nzima yanakuwa ya dakika kumi, na kipuri kinachoagizwa kinakuwa ndicho.

Muuzaji akikujibu, nitumie ile barua pepe yake pamoja na ankara, nitaisoma kabla hamjalipa. Nitaanza kwa kutafuta neno Tukuyu.